Mama wa Kumi na Mbili

Dolphine Aketch alikuwa na chuki moja tu maishani, lakini aliitunza vizuri. Watu wengine hugawa chuki zao, kidogo kwa mwenye nyumba, kidogo kwa mawifi, kidogo kwa jirani anayefungulia redio alfajiri. Yeye yote aliiweka kwa mtu mmoja, Mwalimu Mutunga, aliyemfundisha Kiingereza kidato cha tatu mwaka wa 1993, katika shule moja ya bweni nje kidogo ya mji wa Kajiado. Aliolewa, akazaa watoto wawili, akawa mwalimu wa Kiingereza yeye mwenyewe huko Kitengela, na chuki ile ikabaki pale pale, haijapungua hata chembe.

Afadhali chanzo kielezwe mapema, asije akaonekana mwanamke wa roho mbaya bure.

Mwezi wa Mei mwaka huo mama yake alifariki. Aliugua siku nne tu. Walimzika nyumbani Ugenya, na juma moja baadaye baba yake, aliyekuwa karani katika kiwanda cha saruji Athi River, akamrudisha shuleni kwa sababu hakujua mwanamume afanye nini na msichana anayelia kutwa. Jumatatu aliyorudi Mwalimu Mutunga aliandika ubaoni kichwa cha insha: "A day I will never forget." Aketch hakuwa na haja ya kubuni chochote. Aliandika sentensi ya kwanza, "My mother has died," kisha akaendelea kurasa tatu bila kuinua kichwa.

Sasa, kila aliyewahi kusomesha Kiingereza nchi hii anaujua ugonjwa wa insha. Mpe mwanafunzi kichwa chochote unachotaka, safari, sikukuu, siku ya mvua, naye atakuwa amemuua mama yake kufikia ukurasa wa pili. Kuna mtu aliwadanganya watoto kwamba msahihishaji akitokwa na machozi hutoa alama nyingi. Mutunga alikuwa amechoka na misiba ya kubuni. Alipolifikia daftari la Aketch alilipeleka darasani, akamsimamisha msichana mbele ya wenzake, akaisoma sentensi ile ya kwanza kwa sauti ya padri.

"Muhula huu pekee nimezika mama kumi na mmoja," akasema. "Huyu ni wa kumi na mbili. Poleni sana, wafiwa."

Darasa likaangua kicheko. Hata wasichana waliolala naye chumba kimoja walicheka, maana hakuwa amewaambia alikokuwa siku zote hizo. Kisha Mutunga akaingia kwenye somo, kwa kuwa alikuwa mwalimu hodari, hilo hata Aketch hawezi kulikana. "Has died," akaeleza, ni habari ya moto, matanga bado yako uani. "Had died" ni kifo kilichotangulia jambo jingine ambalo nalo limekwisha kupita. Mtu alikufa kwanza, halafu kitu fulani kikatokea.

"Wewe unasimulia mambo yaliyopita, kwa hivyo mama yako had died," akamwambia. "Had died kabla ya nini, Aketch? Tuambie. Nini kilifuata?"

Aketch akafungua mdomo. Kilichofuata ni kusimama pale mbele huku akichekwa, lakini hakuwa na maneno ya kulisema hilo, si kwa Kiingereza wala kwa Kijaluo. Alinyamaza, na Mutunga akaona ni kiburi. Akampa alama sita kwa ishirini, na juu yake adhabu ya kuandika mara mia moja, kwa mwandiko safi, "My mother had died."

Aliandika. Kufikia mstari wa arobaini alikuwa haioni karatasi vizuri. Alimaliza yote mia, kwa sababu alikuwa msichana mtiifu, na katika kila mstari alihisi anamuua mama yake upya kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Muhula ulipofungwa alimwambia baba yake kwamba harudi tena Kajiado, hata apigwe, na baba yake, ambaye hakuwa na nguvu za kubishana mwaka huo, akaenda kumchukulia barua ya kuhama. Daftari lile Aketch aliondoka nalo.

Tuje Julai mwaka wa 2006. Shule za sekondari za wilaya zilifanya mtihani wa pamoja wa majaribio, ule ambao kila mtu huuita mock, na walimu wakaitwa kwenye bwalo la shule moja ya Isinya kusahihisha. Madam Obura, ndivyo Aketch alivyojulikana sasa kwa jina la ukoo la mumewe, Nashon Obura, aliteuliwa kuongoza kikundi cha insha. Barua ilikuja na orodha ya walimu tisa watakaokuwa chini yake. Jina la nne lilikuwa la Mutunga.

Alilisoma mara tatu. Kisha akacheka peke yake jikoni mpaka Nashon akaja kuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," akasema. "Ni Mungu amenikumbuka."

Kazi ile ina utaratibu wake. Kabla msahihishaji hajagusa karatasi ya mtahiniwa yeyote, hupimwa kwa karatasi za mfano. Kiongozi huchagua insha tatu, zikatolewa nakala, na kila mwalimu akasoma kimya kimya na kuandika jina lake na alama yake kwenye kipande cha karatasi. Nakala zenyewe haziguswi na kalamu, kwa kuwa wino wa mashine ya fotokopi ni wa kuombwa, na nakala hizo hizo kikundi kingine kitazitumia kesho. Kiongozi hukusanya vile vipande na kusoma alama kwa sauti, mwenyekiti akaziandika ubaoni, kisha watu wakajadiliana mpaka wakubaliane alama moja. Aliyepotoka kwa zaidi ya nne, iwe juu au chini, hufunga mkoba akaenda nyumbani, na mwalimu mkuu wake huandikiwa barua. Walimu husema "fulani amerudishwa" kwa sauti ile ile wanayosemea fulani amefungwa.

Insha mbili Dolphine alizitoa kwenye bahasha za watahiniwa, kama inavyotakiwa. Ya tatu aliiandika yeye mwenyewe kwenye meza ya kulia pale Kitengela, akiinakili kutoka kwenye daftari la 1993 neno kwa neno, makosa yake yote yakiwa ndani, kwa mwandiko wa kitoto; kichwa cha mock mwaka huo nacho kilikuwa cha siku isiyosahaulika. Alikuwa amekwisha sahihisha maelfu ya insha na aliijua thamani ya ile. Ilikuwa ya kumi na tano, labda kumi na sita. Mutunga aliipa sita. Mtu habadiliki, alijiambia. Ataona mama mwingine amekufa, atacheka, ataandika sita, na safari hii atakayesimama mbele ya watu ni yeye.

Jumatatu asubuhi Mutunga akafika, na jambo la kwanza lililomuudhi Dolphine ni kwamba alikuwa amezeeka. Alimtaka yule wa zamani, mwenye kifua na sauti. Huyu alivaa koti lililopwaya mabegani na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, akamsalimia kila mtu bwaloni kwa mkono, hata wapishi waliokuwa wakichinja mbuzi nyuma ya jiko.

"Madam, habari ya nyumbani? Watoto wanaendelea?" akamwuliza Dolphine, akiinamisha kichwa kidogo kwa heshima. "Sisi ni wa kuongozwa na wewe leo."

Hakumtambua hata kidogo. Dolphine alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kusalimiwa vizuri. Alijibu salamu, akaenda kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Insha ya kwanza Mutunga aliikosa kwa alama moja. Ya pili aliipata barabara. Walimu wawili walipobishana kuhusu sentensi moja, kama mtahiniwa alistahili kuandika "has left" au "had left", yeye ndiye aliyewatuliza. "Mwulize mtoto amesimama wapi akisema hayo maneno," akasema. "Kama amesimama leo, ni has. Kama amesimama jana akiangalia juzi, ni had. Usiangalie kitenzi, angalia miguu ya mtoto iko wapi." Kaluki, mwalimu mwenzake wa shule moja aliyeketi kando yake, akaandika hayo kwenye daftari lake. Wengine wakatikisa vichwa kwa kukubali. Dolphine alitafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka.

Akagawa insha ya tatu.

Haikupita dakika moja. "Huyu naye ameshaua mama," akasema mwalimu kijana aitwaye Mbuvi, na meza nzima ikacheka. Mwingine akasema bahasha yake ya mwaka jana ilikuwa na vifo kumi na vinne, na baba mmoja kwa bahati tu. Dolphine hakuwasikiza. Macho yake yalikuwa kwa Mutunga, akingoja kicheko chake.

Mutunga hakucheka. Alisoma kidole kikiwa juu ya mstari, polepole, kurasa zote tatu, kisha akarudi mwanzo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Akaandika kitu kwenye kipande chake, akakikunja mara mbili na kukisukuma mbele.

Dolphine alivikusanya vipande vyote na kuanza kusoma. Mwenyekiti, Madam Wamaitha, mama mnene wa miaka hamsini aliyesifika kwa kutopendelea mtu, alikuwa ubaoni na chaki mkononi. Mbuvi, kumi na nne. Kaluki, kumi na tano. Kumi na tatu. Kumi na sita. Kumi na tano. Akakikunjua cha Mutunga.

Kilikuwa na kumi na sita. Mwandiko ulikuwa ule ule mzuri, moja imenyooka, sita ina tumbo. Ni alama ya haki kabisa, alama ambayo yeye mwenyewe angeitoa.

Hapo ndipo hasira ilipompanda kuliko hata siku ile ya darasani. Kumi na sita, leo? Kumbe alikuwa nayo kumi na sita ya kutoa, na kwa msichana wa miaka kumi na sita aliyetoka kumfukia mama yake akakosa kuiona? Leo, mbele ya wenzake, ndipo mkono wake umekuwa mwepesi? Dolphine hakupanga alichosema. Kilimtoka.

"Mutunga," akasoma. "Sita."

Chaki ya Wamaitha ikasimama. "Sita? Hebu soma tena, madam."

"Sita."

Ikaandikwa. Wakajadiliana, wakakubaliana kumi na tano, na wote wakaanza kutazama mikono yao ili wasimtazame mzee. Alikuwa amepotoka kwa tisa. Mutunga akainuka, akishika ukingo wa meza.

"Madam Chair, kuna makosa. Mimi nimeandika kumi na sita. Niko na hakika, na wacha niwaambie kwa nini niko na hakika." Akaweka kiganja juu ya nakala. "Hizi insha za mama kufa, mimi nilikuwa nazichekea kuliko nyinyi wote hapa. Ninety-three nilikuwa na msichana Form Three, Mjaluo mdogo hivi, akaandika kama hii. Karibu sawa na hii, hata imenishtua. Nikamsimamisha mbele, nikamfanyia mzaha, darasa ikacheka. Nikampatia sita. Nikamwambia aandike mara mia ati mama yake amekufa. Term ikiisha babake akakuja kuchukua barua ya kuhama. Mimi niko hapo kwa ofisi, ndio nasikia akiambia headmaster huyo mtoto alikuwa ametoka kuzika."

Kaluki akairudia sentensi ya kwanza ya nakala yake.

"Nilimfuata huyo mzee mpaka kwa gate," Mutunga akaendelea. "Nikashindwa kumwambia. Mdomo ilikataa. Tangu hiyo siku sijawahi kucheka insha ya mama. Ikikuja mbele yangu, naisoma kama ni ya ukweli. Hii nimeipatia kumi na sita, na si ya huruma. Ni haki yake."

Wamaitha akaiweka chaki chini. "Madam Obura," akasema kwa upole, "angalia hiyo karatasi tena. Angalia vizuri. Sisi sote macho huchoka."

Ulikuwa mlango umefunguliwa wazi. Dolphine alitakiwa kusema tu samahani, nimesoma vibaya, na hakuna ambaye angemlaumu. Kipande kilikuwa kiganjani mwake na kumi na sita ilikuwa inamtazama.

Ingekuwa vizuri kusimulia kwamba moyo wake ulilainika. Haukulainika. Kumbe Mutunga alijua, ndilo jambo lililomjaa kichwani. Alikuwa akijua tangu Agosti ya 1993. Alimfuata baba yake mpaka langoni, baba aliyekuwa amefiwa na mke, akamwacha aende zake bila neno. Anwani ya Ugenya ilikuwa pale kwenye faili, na hakuandika hata mistari miwili. Lakini hadithi ameihifadhi, tena ameipamba, na leo anaitoa mbele ya watu tisa wasiomhusu ili wamwone mtu mwema. Maneno yaliyokuwa yake, Aketch, aliyoyangoja utoto wake wote uliobaki, Mbuvi ameyasikia bure.

Akakitazama kipande muda mrefu, ili wote waone anakitazama.

"Ni sita, Madam Chair," akasema. "Inasomeka vizuri kabisa."

Mutunga akanyoosha mkono. "Naomba nikione."

"Vipande havirudishwi, mwalimu. Unaijua sheria."

Aliijua. Alikuwa akisahihisha tangu Dolphine hajaanza shule ya msingi, na hakuwahi kurudishwa hata siku moja. Akamtazama Wamaitha, na Wamaitha akatazama ubao. Akauinua mkono wake wa kulia, akaugeuza, akauchunguza pande zote mbili.

"Basi nimeandika sita," akasema taratibu. "Kichwa kilikuwa na kumi na sita, mkono ukaandika sita."

Mbuvi akajaribu kuzuia kicheko na kikampitia puani, na wawili watatu wakaambukizwa. Dolphine alikijua kicheko cha namna hiyo. Mutunga alizikusanya kalamu zake nyekundu moja moja, akamshukuru mwenyekiti, akamshukuru na kiongozi wake pia, akatoka kwenye jua la Isinya na koti lake lililopwaya.

Na ilikuwa tamu. Tusidanganyane. Mchana ule Dolphine alikula nyama ya mbuzi mpaka akaongezewa, akacheka na wapishi, akasahihisha karatasi nyingi kuliko mtu yeyote mezani. Kile kipande alikirarua vipande vidogo vidogo akavitupa chooni. Jioni alimwambia Nashon kwamba kazi ilienda vizuri.

Mwezi wa Desemba, Jumamosi moja, alikutana na Kaluki sokoni Kitengela, wote wawili wakichagua nyanya kwa mama mmoja. Walizungumza habari za matokeo, za vumbi, za kodi ya nyumba. Kisha Dolphine akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, maana alitaka kuuonja ule utamu tena kidogo.

"Yule mzee wenu, Mutunga, yuko?"

"Ai, madam, si alitoka," Kaluki akasema. "Alistaafu kabla ya miaka yake kufika. Alienda kwa principal mwenyewe akasema akili imeanza kumtoka, hataki kuharibia watoto. Sahi akifunga mlango lazima aulize bibi yake kama amefunga. Akiandika namba ya simu anapatia mtu mwingine amsomee. Na si mgonjwa. Daktari amempima akakosa kitu. Ni hiyo sita tu ilimmaliza."

"Kurudishwa ni aibu kubwa," Dolphine akasema, akiigeuza nyanya mkononi.

"Hata si kurudishwa. Hiyo aliisahau haraka." Kaluki akashusha sauti. "Ni yule msichana aliongea juu yake. Anasema alimkosea mara mbili. Ati Mungu alimletea insha ile ile arekebishe, na mkono ikaandika sita tena. Nikienda kumwona ndiyo story yenye ananipatia, kila siku. Ananiuliza, Kaluki, ni mtu wa aina gani anaweza fanya hivyo mara mbili?"

Mama wa nyanya akauliza kama wanachukua au wanashika tu. Dolphine akachukua kilo mbili ambazo hakuzihitaji. Kisha akaomba namba ya mzee, akasema angependa siku moja kumjulia hali, na Kaluki akafurahi akamtajia.

Namba anayo mpaka leo. Mara nyingi, usiku, watoto wakiwa wamelala, hulifungua lile jina kwenye simu na kuweka kidole juu ya kitufe cha kijani. Maneno yenyewe anayajua, ni machache: mwalimu, uliandika kumi na sita. Lakini kabla hajabonyeza humwona baba yake akitoka langoni peke yake na bahasha ya kuhama, amevaa suti ya mazishi kwa sababu hakuwa na nyingine, na mwanamume mzima nyuma yake amefunga mdomo. Basi huizima simu na kuvuta madaftari ya wanafunzi. Ngoja nawe, humwambia Mutunga kimoyomoyo. Ngoja kidogo.